Hitilafu ya Sauti Nyumbani na Tabia ya Kununua Kabla ya Kupima

Katika nyumba nyingi za mijini imeingia desturi mpya ya kuhifadhi sauti. Kaseti za zamani za harusi, mawaidha, hotuba na hadithi za wazee zimenakiliwa katika kompyuta iliyowekwa pembeni mwa sebule, na kutoka humo sauti hizo husafirishwa kwa mawimbi hadi kwenye spika iliyo jikoni, chumbani au barazani. Kompyuta ya namna hiyo huitwa seva, maana kazi yake ni kuvihudumia vyombo vingine. Haina haja ya kuwa mpya wala ya ghali. Kompyuta iliyotumika miaka kumi hutosha, na hata kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja kiitwacho Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012, huifanya kazi hiyo bila taabu.

Taabu huanza sauti inapokatika. Mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita anasimulia safari ya ujana wake, na kila baada ya maneno machache neno moja linamezwa. Wenye nyumba huvumilia siku mbili tatu. Ya nne huenda kuuliza dukani. Jibu la dukani aghalabu ni hili: kasi ni ndogo, nunua kifurushi kikubwa zaidi, au ruta imezeeka, nunua mpya. Fedha hutolewa, ruta mpya hufungwa, na mzee huendelea kumeza maneno. Mwisho wake watu huchoka, wakaipakia hazina yote ya sauti kwenye mitambo ya kampuni ya ng'ambo, wakalipa ada kila mwezi ili warudishiwe sauti ya babu yao, na ile kompyuta ikatiwa kabatini.

Hasara ya namna hiyo haistahili kuvumiliwa, kwa kuwa hitilafu nyingi za sauti ndani ya nyumba zaweza kutambuliwa kwa saa moja ya upimaji na bila kununua chochote. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima.

Kwanza na iangaliwe hesabu, ambayo mwanafunzi wa sekondari aiweza. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Na kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zao lake ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Sauti iliyobanwa kwa utaratibu wa MP3 kwa kawaida huhitaji kati ya biti 128,000 na 320,000, na masimulizi ya kaseti huridhika na chini ya hapo. Sasa, kanuni ya mawasiliano yasiyo na waya iliyopitishwa mwaka 2003, ambayo leo huhesabiwa kuwa kikongwe, ilitangazwa kuwa na uwezo wa biti milioni 54 kwa sekunde. Hata uwezo huo ukikatwa nusu, kisha nusu tena, kwa sababu ya kuta na msongamano, bado njia hiyo ni pana zaidi ya mara tisa kuliko haja ya CD. Mwenye duka anayeshauri upana zaidi anamwuzia barabara ya njia nane mtu mwenye baiskeli moja.

Zaidi ya hayo, sauti hiyo haitoki nje ya nyumba. Hutoka katika seva, ikaingia katika ruta, ikaelekea kwenye spika. Waya wa kampuni ya intaneti hauhusiki popote katika safari hiyo. Jaribio la kwanza, basi, ni kuuchomoa waya huo kwa dakika kumi na kusikiliza. Sauti ikizidi kukatika kama awali, kifurushi hakina hatia. Ikipona, hapo pana la kuchunguzwa: huenda mtu mwingine nyumbani alikuwa akishusha filamu, nayo filamu ikaijaza hewa ileile ambamo sauti ilikuwa ikipita. (Zipo pia spika zisizokubali kuanza kazi bila idhini ya mtambo wa mtengenezaji wake ulioko nchi za mbali. Mwenye spika kama hiyo atagundua jambo ambalo hakuambiwa siku ya kununua.)

Ikiwa upana upo wa kutosha, sauti hukatika kwa nini? Jawabu lake lilijulikana zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Danny Cohen, walifaulu kupitisha mazungumzo ya watu kwa wakati uleule katika mtandao wa kompyuta ulioitwa ARPANET. Waliona mapema kwamba sauti na maandishi havina tabia moja. Barua ikipotelewa na sehemu yake njiani, yafaa kusubiri sehemu hiyo iletwe upya, kwa kuwa barua pungufu haisomeki. Lakini kipande cha sauti kinachofika baada ya zamu yake kupita ni sawa na kilichopotea, na kukisubiri ni kuwachelewesha wenzake walio nyuma. Ndiyo sababu mmojawapo wa taratibu za msingi za intaneti, UDP, uliowekwa mwaka 1980, hautoi ahadi yoyote ya kufikisha; hutuma ukaenda zake, ilhali mwenzake TCP hushika daftari, hudai stakabadhi na kurudia kutuma.

Katika mambo ya sauti, kwa hiyo, kinachotafutwa ni kufika kwa wakati, na kwa mfululizo usioyumba. Kwa kuwa mtandao hauwezi kuuahidi mfululizo huo, kila chombo kipokeacho sauti huwekewa akiba. Wakazi wa miji ambamo maji ya bomba hutoka kwa vipindi hawahitaji kufafanuliwa jambo hili: tangi la juu ya paa ndilo liwezeshalo bomba la jikoni kutiririka wakati bomba la barabarani limekauka. Maji yakikatika barabarani kwa muda mfupi kuliko ujazo wa tangi, mpishi hana habari. Yakizidi, jikoni hukauka ghafla, na tangi likianza kujaa upya bomba hutema hewa na maji kwa zamu. Mkatiko wa sauti ni tangi tupu.

Ujazo wa tangi hilo ni mdogo kiasi cha kustaajabisha. Akiba ya sekunde mbili za sauti ya CD ni baiti 352,800 tu, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya kumbukumbu ya simu ya kawaida. Watengenezaji hawalifanyi tangi dogo kwa ubahili wa kumbukumbu. Hulifanya dogo kwa sababu msikilizaji akibonyeza kitufe hutaka kusikia papo hapo, na kwa sababu sauti iendayo pamoja na picha haiwezi kuachwa nyuma ya midomo ya wasemaji. Lakini kwa masimulizi ya kaseti, kungoja sekunde mbili mwanzoni hakumdhuru mtu. Programu nyingi za kusikilizia humruhusu mtumiaji kuiongeza akiba hiyo, na sehemu kubwa ya malalamiko yangekoma hapo. Inasikitisha kwamba kipengele hicho mara nyingi kimefichwa chini ya kurasa tatu za vitufe.

Hata hivyo, mtu mwenye kuongeza akiba bila kujua inakoyumba njia yake amemeza dawa ya maumivu. Fundi wa kweli huigawa njia. Sauti hutoka katika diski, ikasomwa na programu, ikaingia katika mtandao, ikapokewa na chombo cha pili, ikageuzwa kuwa umeme wa spika. Yafaa kuanzia katikati: faili ileile iliyokatika jikoni na ichezwe palepale kwenye seva, kwa spika za masikioni zilizochomekwa humo. Ikiwa inakatika hata hapo, mtandao wote umetoka hatiani kwa pigo moja, na wakati wa kuhangaika na ruta umeokolewa.

Hitilafu ikiwa ndani ya seva, mshukiwa wa kwanza ni umeme. Vikompyuta vidogo hutumia volti 5, na watu huvilisha kwa chaja yoyote ya simu na waya wowote mwembamba uliopatikana. Waya mwembamba hula volti njiani. Raspberry Pi za aina nyingi hutoa onyo volti zikishuka hadi kama 4.63, kisha kasi yake hupunguzwa. Mwenye nyumba asiye na kioo kilichounganishwa halioni onyo hilo kamwe. Mshukiwa wa pili ni kadi ya kumbukumbu iliyozimikiwa na umeme mara nyingi wakati wa kuandika. Wa tatu ni kazi ya kugeuza: kinasa cha kisasa huweza kuhifadhi sauti kwa vipimo 96,000 kwa sekunde, vya biti 24, yaani biti 4,608,000 kila sekunde, na spika isiyoielewa lugha hiyo huilazimisha seva kutafsiri huku ikituma. Seva dhaifu hushindwa. Kutazama mzigo wa kichakato wakati sauti inapocheza humaliza shaka hiyo.

Ikiwa seva ni nzima, hatua inayofuata ni ya kizamani lakini haina mbadala: waya. Na uazimwe waya wa mtandao wa meta ishirini, utandazwe sakafuni kwa nusu saa, uiunganishe ruta na chombo kipokeacho. Watu huona haya kufanya hivyo kwa sababu sebule huonekana kama karakana. Lakini nusu saa hiyo hutenganisha mambo mawili ambayo bila waya hayatenganishiki, yaani hitilafu ya vyombo na hitilafu ya hewa. Sauti ikitulia juu ya waya, kosa liko hewani, na hewa nayo ina sheria zake.

Masafa ya gigahezi 2.4, yatumiwayo na vyombo vingi vya bei nafuu, yamegawanywa katika mikondo iliyoachana megahezi 5 tu, ilhali kila kituo hutumia upana wa kama megahezi 20. Kwa hiyo ruta iliyowekwa mkondo wa 3 humwingilia jirani wa mkondo wa 1 na jirani wa mkondo wa 6 pia. Mikondo isiyoingiliana ni mitatu, nayo ni 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye familia ishirini ni dhahiri kwamba msongamano hauepukiki, na kwamba utakuwa mkali saa moja usiku watu wakiwa wamerejea kazini. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuitupia lawama kampuni ya intaneti: kweli intaneti nayo huwa nzito saa hizo, lakini mambo mawili kutokea saa moja si hoja kwamba moja limezaa jingine. Oveni ya mikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na simu zenye Bluetooth zimo katika masafa yaleyale. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, ila hupenya kuta kwa shida. Katika nyumba zenye kuta nene za mawe, kama zile za miji mikongwe ya pwani, chumba cha pili chaweza kuwa mbali kuliko uani.

Kwa kupima hali ya hewa hiyo kuna chombo cha bure kilichomo karibu katika kila kompyuta, nacho ni amri iitwayo ping, ambayo hutuma pakiti ndogo na kupima muda wa kwenda na kurudi. Mara mia zatosha. Lakini hapa pana mtego. Programu huchapa wastani mwishoni, na jicho hukimbilia wastani. Tuseme pakiti 99 zimerudi kwa milisekunde 3 kila moja, na moja kwa milisekunde 900. Wastani wake hauzidi 12, nao unapendeza. Lakini ile moja ndiyo iliyolikausha tangi na kumkata mzee katikati ya neno. Msomaji na atazame thamani kubwa kabisa, na aandike saa ilipotokea.

Kuna hitilafu moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa huwashinda hata mafundi wazuri na hakuna ruta mpya itakayoiponya. Dalili yake ni mkatiko mmoja mfupi unaorudi kwa vipindi vinavyokaribia kulingana, kwa mfano kila nusu saa, usiku na mchana, hewa ikiwa tulivu au imejaa. Chanzo chake ni saa mbili zisizokubaliana. Ndani ya seva mna kipande cha kioo cha kwatzi kinachopiga mapigo, na ndani ya spika mna kingine. Vipande viwili vya kwatzi vya bei ya kawaida havilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni si ajabu. Tofauti hiyo yaonekana si kitu. Lakini kama seva inasukuma sauti kwa mwendo wa saa yake yenyewe, na spika inaitumia kwa mwendo wa saa yake iliyo na haraka kidogo, tangi lenye akiba ya sehemu ya kumi ya sekunde litakauka baada ya sekunde 2,000, yaani dakika 33 na sekunde 20. Hujazwa tena, na hesabu huanza upya. Saa ya spika ikiwa ndiyo ya polepole, tangi hufurika badala ya kukauka, na sikio husikia kishindo hichohicho.

Tiba yake haimo dukani. Imo katika kuchagua utaratibu ambao spika ndiyo huomba sauti kwa kadiri inavyohitaji, kama ifanyavyo programu inayosoma faili kupitia TCP, au programu inayojua kulinganisha saa za pande mbili na kunyoosha sauti kwa kiasi kisichosikika. Mtu aliyeandika nyakati za mikatiko kwenye karatasi ataiona hitilafu hii baada ya saa mbili. Asiyeandika ataishi nayo miaka.

Hitilafu nyingine huonekana kama uchawi: spika inaiona seva asubuhi, kisha seva inatoweka katika orodha ingawa inafanya kazi. Vyombo vya nyumbani vinavyofuata utaratibu wa UPnP hutambuana kwa kupiga mbiu kwa kundi zima, kwenye anwani 239.255.255.250, mlango wa 1900, na mbiu hiyo ina muda wa uhai ambao kwa kawaida hauwi chini ya sekunde 1,800. Ruta ikizuia mbiu za kundi, au spika ikiwa imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni, au kinga ya seva ikiufunga mlango huo, muda huisha na jina hufutwa. Seva haijaondoka popote, haijasikika tu.

Yapo mafunzo katika historia ya mtandao yanayohusu tabia hii ya kununua. Mwezi Oktoba 1986 mawasiliano baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, umbali wa yadi 400 hivi, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson na mwenzake Mike Karels wangeweza kudai waya mnene zaidi. Walichokifanya ni kuchunguza kwa nini waya uliokuwapo ulikuwa ukijisonga wenyewe, na ufumbuzi uliotangazwa mwaka 1988 ndio uliouwezesha mtandao wa dunia kukua. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys alikutwa na kero nyumbani kwake: kila alipopeleka mafaili makubwa, mambo mengine yote ya mtandao yalizorota, na ucheleweshaji ukapanda hadi kuzidi sekunde. Upimaji wake ulionyesha kwamba ruta na modemu zilikuwa na matangi makubwa mno mahali pasipostahili, ambamo pakiti za sauti zilisimama foleni nyuma ya mzigo wa mafaili. Kifurushi kikubwa zaidi kisingeiondoa foleni hiyo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walitoa kanuni iitwayo CoDel ya kuzifupisha foleni, na baadhi ya ruta za leo zinayo, ingawa aghalabu humngoja mwenye nyumba aiwashe.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, yafaa iwaendee watengenezaji. Chombo kinachojua kwamba tangi lake limekauka mara 14 tangu asubuhi, nacho kikamwambia mwenyewe kwamba "kosa limetokea", kimemficha ushahidi. Kuhesabu mikatiko na kuionyesha hesabu hiyo hakugharimu kitu. Redio za zamani zilikuwa na sindano ya kuonyesha nguvu ya kituo, na mtu asiyejua kusoma alijua kuigeuza antena mpaka sindano ikapanda. Spika ya leo ina taa moja tu, na taa hiyo huwaka buluu hata mambo yakiwa mabaya.

Vyuo navyo havina budi kujiuliza. Mwanafunzi wa uhandisi huweza kuhitimu akiwa ameusanifu mtandao mzima juu ya karatasi, wala hajapewa hata mara moja mtandao ulioharibiwa kwa makusudi na kuambiwa atafute kosa bila kununua kifaa. Mtihani wa namna hiyo ungekuwa rahisi kuutunga: seva moja, waya mmoja mbovu, mkondo mmoja uliojaa, na daftari tupu.

Huenda ikasemwa kwamba mitambo ya ng'ambo ina faida zake, na ni kweli. Nyumba huungua, diski hufa, na mtu asiye na nakala ya pili mahali pengine hana akiba. Lakini kuweka nakala kwa mkataba ni jambo moja, na kuikabidhi hazina nzima kwa kuwa spika ya jikoni inakwama ni jingine. Ada isipolipwa miezi kadhaa, au kampuni ikibadili masharti, mjukuu ataisikia wapi sauti ile?

Nyumba yenye hitilafu jioni hii ina kila inachohitaji: spika za masikioni, waya wa kuazima, amri ya ping, kalamu, na saa ya ukutani. Na kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati, kwanza mkondo, kisha mahali ilipo ruta, kisha akiba, na kila badiliko liandikwe saa na matokeo yake. Badiliko lisiloleta nafuu lirudishwe kama lilivyokuwa kabla ya kujaribu la pili.